Namna ya Kuisoma Nguo ya Sherehe ya Indonesia: Mwongozo Kamili

Mtu anayeletewa zawadi ya nguo ya sherehe kutoka Indonesia, au anayealikwa harusini Java au mazishini katika nchi ya Wabataki, kwa kawaida huuliza swali moja tu: mchoro huu una maana gani? Swali hilo si baya, lakini likitangulizwa huleta jibu pungufu, kwa sababu mchoro ule ule unaweza kuwa heri begani mwa mtu mmoja na aibu kiunoni mwa mwingine. Msomaji aliyezoea kanga anaanza na faida hapa, kwa kuwa anajua kwamba hata baada ya kuutazama mji na pindo na kulisoma jina, ujumbe haujakamilika mpaka ajue ni nani aliyempelekea nani, na kwa jambo gani. Mwongozo huu unafuata utaratibu huo: tunaanza na mkono uliotengeneza, tunakwenda mahali, tukio na mtoaji, na mchoro wenyewe tunauchelewesha kwa makusudi.

Indonesia ina visiwa zaidi ya 17,000 na mamia ya makabila, na hakuna mwongozo mmoja unaoweza kuzienea nguo zote. Nitakaa zaidi Java, kwa Wabataki wa Sumatra Kaskazini, katika kisiwa cha Sumba na huko Bali, kisha nitapita kwa haraka Lampung, Palembang na Toraja.

Hatua ya kwanza: geuza nguo uitazame nyuma

Kabla ya kuzungumzia maana, jua kwanza kama rangi iliingia baada ya nguo kufumwa au kabla ya kufumwa, na jibu liko upande wa nyuma.

Batiki hupata mchoro wake baada ya kufumwa, kwa kuizuia rangi isiingie mahali palipokusudiwa. Mchoraji, ambaye mara nyingi ni mwanamke, huyeyusha nta, huichota kwa chantingi, yaani kikopo kidogo cha shaba chenye mdomo mwembamba na mpini, kisha huchora mistari na vidoa juu ya kitambaa cha pamba. Nguo ikitiwa rangi, palipo na nta hubaki bila kuguswa. Nta huondolewa kwa maji ya moto, na kazi inaanza upya kwa rangi inayofuata. Kwa kuwa kazi bora ya mkono hutiwa nta pande zote mbili, nyuma yake inakaribia kufanana na mbele, na ukichunguza vidoa vinavyojaza maua na majani hutapata viwili vilivyo sawasawa kabisa. Katika karne ya 19 ulianza kuenea muhuri wa shaba unaochovywa katika nta na kugandamizwa kitambaani. Hiyo nayo ni batiki halali, ila mchoro wake hujirudia kwa vipimo vilivyo sawa, na jicho makini huona maungio ambapo muhuri mmoja ulikutana na mwingine. Kitambaa cha tatu ni cha kiwandani, kilichopigwa chapa ya mchoro wa batiki bila nta yoyote: mbele kinang'aa, nyuma kimefifia. Waindonesia wengi huvaa mashati ya aina hii ya tatu kila tarehe 2 Oktoba, wanapoadhimisha siku ambayo mwaka 2009 UNESCO iliitambua batiki yao kuwa urithi wa binadamu, na hakuna anayewalaumu. Lawama ni ya muuzaji anayekiita kazi ya mkono.

Hapa pana undugu ambao msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuugusa kabatini mwake. Katika karne ya 19 Waholanzi, waliokuwa wakiitawala Java, walibuni mitambo ya kuiga batiki ili wawauzie Wajava nguo yao wenyewe kwa bei nafuu. Mitambo hiyo iliacha nyufa nyufa za rangi ambazo Wajava waliziona kuwa kasoro, lakini katika pwani ya Afrika Magharibi zilipendwa, biashara ikahamia huko, na vitenge vyetu ni wajukuu wa safari hiyo.

Ikati ni kinyume cha batiki: nyuzi hufungwa mafundo yaliyokazwa na kutiwa rangi kabla hazijafika kwenye kitanda cha mfumi, hivyo mchoro unakuwa umelala ndani ya uzi kabla ya nguo kuwapo. Utaitambua kwa kingo za michoro zinazotawanyika kidogo, kama rangi inayotaka kutoroka, na kwa kuwa pande zote mbili ni sawa. Jiulize tena: nyuzi zilizofungwa ni zile za mtande, zinazokwenda kwa urefu wa nguo, au ni zile za mshindio, zinazopita kwa upana? Sumba, Flores na Timor hufunga mtande. Bali hufunga mshindio katika nguo iitwayo endek. Kijiji kimoja tu cha Indonesia, Tenganan Pegringsingan huko Bali Mashariki, hufunga mtande na mshindio pamoja, na nguo yake, geringsing, tutairudia.

Songketi haihitaji maelezo marefu: ni nguo ya hariri au pamba ambayo ndani yake mfumaji amepitisha nyuzi za ziada za dhahabu au fedha zinazoelea upande wa mbele. Mji wa Palembang na kijiji cha Pandai Sikek katika nchi ya Minangkabau, vyote huko Sumatra, ndiko kunakosifika zaidi kwa nguo hii. Usiichanganye na tapis ya Lampung, ambayo dhahabu yake imetariziwa kwa sindano juu ya nguo iliyokwisha kufumwa.

Hatua ya pili: itafutie nguo kwao

Rangi ndiyo dalili ya kwanza ya mahali. Batiki za miji miwili ya kifalme ya Java ya Kati, Yogyakarta na Surakarta, hutumia nili, rangi ya kahawia iitwayo soga na weupe wa kitambaa. Miji hii ilikuwa ufalme mmoja wa Mataram mpaka mkataba wa Giyanti wa mwaka 1755 ulipougawa, na mgawanyiko huo bado unaonekana nguoni: Yogyakarta hupenda uwanda mweupe safi, Surakarta hupenda uwanda wa rangi ya malai na kahawia yenye joto. Soga ya zamani ilichemshwa kwa magamba ya miti kadhaa, mmojawapo ukiwa ni mkandaa, ule ule wa mikokoni ya Lamu, Rufiji na Zanzibar ambao wazee wa pwani nao walitumia gamba lake kutia rangi.

Ukikuta batiki yenye rangi nyingi za kuchangamka, maua ya shada na ndege, elekeza fikra zako pwani ya kaskazini ya Java, katika miji ya biashara kama Pekalongan, ambako Wachina, Waarabu, Wahindi na Waholanzi wote waliacha alama. Lasem inajulikana kwa wekundu wake, na Cirebon kwa mega mendung, mchoro wa mawingu yaliyopangwa kwa tabaka za buluu. Batiki za pwani ni nzuri mno, lakini kwa habari ya sherehe za kifalme hazina masharti makali kama zile za bara.

Ikati ya Sumba Mashariki haifichiki: ni pana, imeunganishwa katikati kwa vipande viwili, ina watu na wanyama wakubwa katika mikanda mikanda, na rangi zake ni buluu ya nili na wekundu wa mizizi ya mti uzaao matunda ya noni. Ulosi, yaani nguo za kufumwa ambazo Wabataki hufunikana begani, ni nzito, zina mistari, na zimetawaliwa na weusi, wekundu na weupe. Nguo ya miraba myeusi na myeupe, ikiwa imefungwa kwenye mti mkubwa au sanamu ya mlinzi wa lango, ni poleng ya Bali.

Hatua ya tatu: uliza ni jambo gani lililoitoa sandukuni

Nguo hizi hupangwa kwa matukio ya maisha, na mtu akizifuata kuanzia mimba hadi kaburi atajifunza haraka kuliko akikariri orodha ya michoro.

Huko Java, mimba ya kwanza inapofika mwezi wa saba, mama hufanyiwa mitoni. Huogeshwa kwa maji yenye maua, kisha hufungwa nguo saba, moja baada ya nyingine. Kila inapofungwa mojawapo ya zile sita za mwanzo, wanawake waliokusanyika huulizwa kama imempendeza, nao hujibu kwa pamoja kwamba bado haijamfaa, ingawa miongoni mwa hizo sita huwamo batiki zenye hadhi ya juu kabisa. Ya saba ndiyo inayokubaliwa, na kwa kawaida hiyo ni luriki, kitambaa cha mistari kisicho na mapambo ambacho hata mkulima angeweza kukivaa. Mtoto ametakiwa utukufu wote mara sita, kisha amefundishwa unyenyekevu kabla hajazaliwa. Sijui sherehe nyingine ambamo nguo hupewa heshima kubwa namna hiyo kwa kukataliwa.

Harusini, bwana na bibi harusi wa Kijava huvaa michoro ya jamii ya sido, kama vile sido mukti na sido luhur, ambayo ni dua ya maisha yenye neema na cheo. Wazazi wao huvaa truntum, vinyota vidogo vilivyotapakaa juu ya uwanda mweusi. Katika masimulizi ya Surakarta, truntum ilichorwa na mke wa Mfalme Pakubuwono wa Tatu wakati alipokuwa amesahauliwa na mumewe. Alichora nyota usiku baada ya usiku mpaka mfalme akavutwa na kazi hiyo na mapenzi yakachipua upya. Ndiyo maana huvaliwa na wazazi, kwa kuwa wao ndio wanaotakiwa kuwaongoza vijana kwa upendo uliokwisha kujaribiwa. Msibani hutumika slobog, mchoro wa pembetatu ndogo ndogo unaohusishwa na wepesi na nafasi, ili marehemu asibanwe katika safari yake na waliobaki wasilemewe.

Huko Lampung, kusini mwa Sumatra, matukio yote makubwa yalisimama mbele ya picha ya meli. Nguo ndefu iitwayo palepai, ambayo huweza kuzidi mita 3, ilitundikwa ukutani wakati wa ndoa, kutoa jina au kifo, na haki ya kuitundika ilikuwa ya wakuu wa koo peke yao. Nguo ndogo ya mraba, tampan, ilikuwa ya kila nyumba, ikifunika zawadi na vyakula vya sherehe. Meli hiyo ni alama ya mtu anayevuka kutoka hali moja kwenda nyingine. Ufumaji wake ulififia kuelekea mwanzo wa karne ya 20, baada ya pwani ile kupata mapigo mengi, likiwamo lile la mlipuko wa volkano ya Krakatau mwaka 1883, na zilizobaki ni za makumbusho na za koo chache.

Hatua ya nne: jua ni nani anayempa nani

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo iliyobeba uzito wa jambo lote.

Wabataki wa Toba wanaishi kwa mpango wa pande tatu. Hula-hula ni ukoo uliotoa mke. Boru ni ukoo uliooa. Dongan tubu ni ndugu wa ukoo mmoja. Baraka hushuka kutoka kwa hula-hula kwenda kwa boru, na chombo cha baraka hiyo ni ulosi. Wabataki husema kwamba mwanadamu ana vyanzo vitatu vya joto, yaani jua, moto na ulosi. Jua huzama na moto huzimika au huunguza, lakini ulosi hukaa mwilini. Kwa hiyo kumfunika mtu ulosi begani, tendo liitwalo mangulosi, ni kumpa joto la roho, na anayeweza kulitoa ni yule tu aliye juu yako katika mpango wa ndoa. Upande wa boru hurudisha kitu kingine kabisa: fedha, mifugo na nyama, ambavyo kwa pamoja huitwa piso, yaani kisu. Mkwe anayempelekea baba mkwe wake ulosi, hata iwe ya thamani kiasi gani, ameipindua dunia.

Harusini mtiririko huo unaonekana waziwazi. Wazazi wa bibi harusi huwavisha wazazi wa bwana harusi ulosi iitwayo pansamot, kisha huwazungushia maharusi wote wawili ulosi moja, mara nyingi aina ya ragi hotang, na kuwafunga ndani yake kama mtu mmoja. Baada ya hapo jamaa wengine wa upande wa bibi harusi hufuata, na harusi kubwa huweza kuwaachia maharusi rundo la ulosi linaloshindwa kubebwa na mtu mmoja. Binti akishika mimba ya kwanza, wazazi wake humpelekea ulosi ya roho, ambayo kwa desturi bora ni ragidup, ya juu kuliko zote, yenye ncha mbili ambazo moja huhesabiwa ya kiume na nyingine ya kike. Mtoto akizaliwa, hubebwa mgongoni kwa ulosi nyepesi iliyotoka huko huko.

Mume akifa, nguo mbili hutolewa kwa siku moja na watoaji wake hawachanganywi. Ulosi inayomfunika maiti, saput, huletwa na mjomba wa marehemu, yaani ukoo wa mama yake uliompa uhai. Ulosi inayowekwa kichwani mwa mjane, tujung, huletwa na ukoo wa mjane mwenyewe, na mara nyingi ni sibolang, yenye buluu iliyokaribia weusi. Mjane hukaa nayo kichwani mpaka wale wale waliomwekea waje waiondoe, na maji ya kunawa uso hutolewa ili machozi yaishe rasmi. Tazama jambo hili kwa makini: sibolang moja ile ile, kama kitambaa, ingeweza kutolewa mahali pengine kwa shughuli nyingine, kinachoifanya iwe tujung ni kichwa ilichowekewa na mkono ulioiweka.

Sumba ina mantiki inayokaribiana na hiyo. Ukoo unaotoa mke hutoa nguo: hinggi, ambayo mwanamume huvaa mbili, moja kiunoni na moja begani, na lau, sketi ya mwanamke iliyoshonwa kama bomba. Ukoo unaooa hutoa farasi na vito vya chuma, hasa mamuli, pambo la dhahabu au fedha lenye umbo la tumbo la uzazi. Kitu laini huenda upande mmoja, kigumu huenda upande wa pili. Mtu mkubwa akifa, nguo hizo hizo hurudi kazini: maiti ya mtu wa ukoo wa kifalme huviringishwa hinggi baada ya hinggi mpaka inakuwa furushi kubwa, na nguo nyingi za thamani huingia kaburini chini ya jiwe. Kwa desturi, kutia nili ni kazi ya siri ya wanawake waliorithishana maarifa yake, na chungu cha nili hukatazwa wanaume na wanawake wajawazito.

Watoraja wa Sulawesi wanatupa ushahidi mkali zaidi. Miongoni mwa nguo zao takatifu ni sarita, nguo nyembamba na ndefu sana inayotolewa kwenye mazishi makubwa na sherehe za nyumba. Baadhi ya sarita zinazoheshimiwa zilipigwa chapa katika viwanda vya Uholanzi kwa kuiga za zamani, na nguo nyingine takatifu za huko zililetwa kama bidhaa kutoka India. Mtaalamu wa soko angeziita za kiwandani au za kigeni; mwenye nyumba anaziita za mababu, na mbele ya jeneza la baba yake ni neno lake linalosimama.

Hatua ya tano: sasa usome mchoro

Ukishajibu hayo, mchoro utasema kweli. Anza na mpangilio: je, umelala kwa mshazari, umejengwa kwa miraba, au umetapakaa?

Mshazari wa Java ni wa kuogopwa kidogo. Parang, safu za umbo la S zinazoshuka kwa pembe, huhusishwa na Sultani Agung wa Mataram, aliyetawala tangu 1613 hadi 1645, na zilikuwa katika kundi la michoro iliyokatazwa watu wa kawaida. Ukubwa wake ulikuwa cheo: parang rusak barong, yenye safu pana kuliko zote, ilikuwa ya mfalme. Hata leo Wajava wengi hawaivai harusini, kwa kuwa inaaminika kuwa nguvu yake ya mapambano huleta magomvi kwa maharusi. Marufuku ya kasri nayo haijawa hadithi ya kale: Desemba 2022, mtoto wa Rais wa wakati huo Joko Widodo alipofanyiwa sherehe ya harusi katika kasri la Mangkunegaran, Surakarta, wageni waliombwa mapema wasije na parang.

Kawung, mayai manne yaliyoelekeana katikati, hulinganishwa na tunda la mtende wa sukari lililokatwa, na husomwa kama pande nne za dunia na kitovu chake. Semen ina milima, mimea na mabawa ya Garuda, ndege mkubwa wa hadithi. Mabawa makubwa yalikuwa ya kifalme.

Katika hinggi ya Sumba, hesabu wanyama. Farasi ni utajiri na uungwana. Mamba na kasa ni alama za mtawala. Kamba wa majini huonekana kwa sababu hujivua gamba na kuendelea kuishi, na hapo ndipo panapotoka maana ya kuzaliwa upya. Andung ni mti uliosimikwa uwanjani mwa kijiji na kutundikwa mafuvu ya maadui, na ukumbusho wake umebaki nguoni baada ya desturi yenyewe kwisha. Utakuta pia simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma, ambaye hajapata kuishi Sumba: ametoka katika nembo ya Waholanzi, na wafumaji wakamfanya wa kwao. Mchoro uitwao patola ratu nao ulinakiliwa kutoka hariri za Kihindi zilizoletwa na wafanyabiashara, na ulitengwa kwa ajili ya watawala.

Poleng ya Bali ni rahisi kuliko zote kwa macho, na nzito kuliko nyingi kwa maana. Mraba mweusi na mraba mweupe ni nguvu mbili zinazopingana na kutegemeana, na mraba wa kijivu unaotokea nyuzi zinapokutana ni mpatanishi. Hufungwa kwenye vitu vinavyolinda, na walinzi wa kijiji, pecalang, huivaa wakiwa kazini.

Hatua ya sita: chunguza mwisho wa nguo

Mapindo na matamvua yana habari ambazo muuzaji mara nyingi hazisemi. Hinggi nzuri huwa na kabakil, ukanda mwembamba uliofumwa kwenye ncha zake ili kuzifunga nyuzi za mtande. Usipoukuta, nguo haikumalizwa kwa desturi au imekatwa.

Kwa geringsing, mwisho wa nguo ndio wenyewe. Hufumwa kwa mzunguko, mtande wake ukiwa umeungana bila mwanzo wala mwisho, na ikitoka kitandani ni kama bomba lenye sehemu moja isiyofumwa. Ikiwa haijakatwa, ni ya miungu na ya ibada. Ikikatwa, inakuwa vazi la mwanadamu. Rangi zake ni tatu: wekundu wa mizizi ya mti wa noni, nili, na rangi ya malai inayotokana na nyuzi kulowekwa kwa wiki nyingi katika mafuta ya mbegu za kemiri na maji ya majivu. Kwa kuwa mtande na mshindio vyote vimefungwa na kutiwa rangi kabla, na lazima vikutane kwa usahihi kitandani, nguo moja huweza kuchukua miaka miwili hadi mitano. Wenyeji wa Tenganan husimulia kwamba mungu Indra ndiye aliyewafundisha kazi hii, na huamini kwamba humkinga anayeivaa na maradhi na mabaya. Kwingineko Bali huazimwa na kununuliwa kwa ajili ya kuchonga meno ya vijana na kwa ajili ya kuchoma maiti.

Hatua ya saba: ukialikwa

Harusini Java, vaa batiki yoyote yenye staha, ila epuka parang kama shughuli iko kasrini au kama hujui msimamo wa familia, epuka sido ambayo ni ya maharusi, na truntum waachie wazazi. Katika shughuli ya Wabataki usibebe ulosi kama zawadi ukidhani unaheshimu mila. Toa bahasha ya fedha, ambayo ndiyo inayofaa kwa mgeni asiye na nafasi katika ukoo. Ukivishwa ulosi wewe, inama kidogo uipokee begani, usiivue papo hapo na usimpe mtu mwingine kabla shughuli haijaisha. Katika hekalu la Bali utahitaji kufunga kamen, yaani kitambaa cha kujifunga kama kikoi, kiunoni na mshipi wa kitambaa juu yake. Mshipi huo hauachwi hata kama suruali yako ni ndefu, kwa sababu kazi yake ni kutenganisha sehemu ya juu ya mwili na ile ya chini mbele ya madhabahu. Wanawake walio katika hedhi, na mtu yeyote aliyefiwa karibuni, hutakiwa wasiingie.

Hatua ya nane: kununua na kutunza

Mwulize muuzaji maswali mawili kabla ya bei: nani aliifuma au kuichora, na ilitengenezwa kwa ajili ya nini? Anayejibu la pili kwa undani kwa kawaida anaijua kazi yake. Nguo mpya iliyofumwa kwa ajili ya soko ni ununuzi safi na humlipa mfumaji moja kwa moja. Nguo ya urithi ni jambo jingine, kwa kuwa ukoo ukiiuza kwa shida ya mwaka mmoja huikosa kwa maziko ya miaka yote inayofuata. Mimi ningeiacha, na kama tayari iko mikononi mwako, andika na kuhifadhi pamoja nayo kila ulichoambiwa kuhusu mahali na familia ilikotoka.

Batiki ya mkono huoshwa kwa maji baridi na lerak, tunda litoalo povu ambalo Wajava hulitumia badala ya sabuni, au kwa sabuni laini isiyo na dawa ya kung'arisha. Usiikamue kwa kusokota, ianike kivulini, na ukiipiga pasi weka kitambaa kingine juu yake. Manukato hayapulizwi juu ya batiki, kwa kuwa huacha madoa kwenye rangi za asili. Wajava huweka mizizi mikavu ya akar wangi, nyasi yenye harufu nzuri, ndani ya sanduku, nayo husaidia pia kuwafukuza wadudu. Ikati ya zamani na geringsing zisioshwe nyumbani kabisa. Zianikwe tu upepo kivulini mara chache kwa mwaka, zikilazwa badala ya kutundikwa. Songketi isikunjwe, kwa sababu uzi wa dhahabu huvunjika kwenye mkunjo na haurudi: izungushe juu ya bomba la karatasi ngumu, upande wa dhahabu ukielekea nje na karatasi nyembamba ikitenganisha kila mzunguko, kisha uifunike kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa.